Mafundi wa Damu Bandia: Umeme wa Jinja, Vibanda vya Mbale na Karakana ya Wakaliga

Februari 1986 majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha F/X, filamu ya mashaka iliyojaa utani. Stelingi wake si polisi wala jasusi. Anaitwa Rollie Tyler, ameigizwa na Mwaustralia Bryan Brown, na kazi yake ni kutengeneza hila za sinema: vidonda vya mpira, vinyago vya sura za watu, moshi, damu ya chupani. Maofisa wa Wizara ya Sheria wanamkodi aigize mauaji ya jambazi aliyekubali kutoa ushahidi, ili wenzake wa genge waamini kuwa ameshakufa. Rollie anamvalisha mifuko ya damu, anapakia risasi baridi, anamfyatulia mkahawani mbele ya watu, na kila mtu anaamini. Punde anagundua kuwa waliomkodi wanataka kumuua yeye. Silaha hana, ila anao ufundi wake, na kwa ufundi huo anawazungusha polisi na wauaji hadi mwisho wa filamu. Mwongozaji alikuwa Robert Mandel, na mmoja wa mafundi waliozitengeneza hila hizo kwelikweli ni Mwingereza John Stears, aliyekwisha kutwaa Oscar kwa Thunderball na Star Wars.

Siku chache kabla ya filamu hiyo kutoka, mwishoni mwa Januari, wapiganaji wa NRA wa Yoweri Museveni walikuwa wameiteka Kampala. Risasi zilizosikika Uganda mwaka ule hazikuwa baridi. Kitongojini Wakaliga, pembezoni mwa jiji hilo, alikulia kijana aitwaye Isaac Nabwana. Miaka kama ishirini baadaye ndiye atakayeifanya Uganda kuwa na Rollie Tyler wake, tena si mmoja bali mtaa mzima.

Kisa cha filamu za mapigano zinazotengenezwa Wakaliga kimesimuliwa mara nyingi kana kwamba kilizuka tu matopeni, bila mzazi wala babu. Si kweli. Ufundi huo una ukoo, na ukoo wenyewe unapita mashariki ya nchi, mahali Nile inapoliacha Ziwa Victoria.

Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekusudia kuufanya mji huo uwe wa viwanda, na kweli ukawa: nguo za Nytil, sukari ya Kakira jirani yake, shaba ya Kilembe iliyoletwa kwa reli kuja kuyeyushwa. Wafanyakazi walitoka Busoga, Bugisu, Teso na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na penye watu wa makabila mengi namna hiyo, Kiswahili nacho kilipata kazi. Wenye mishahara wakataka burudani za jioni. Wahindi waliokuwa wameshika biashara za miji hiyo ndio waliokuwa pia na majumba ya sinema, wakionyesha filamu za Bombay na za Hollywood chini ya paa moja.

Hollywood yenyewe ilikuwa imeshapita Uganda. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn Butiaba, kando ya Ziwa Albert, na kwenye maporomoko ya Murchison, baada ya kupiga sehemu nyingine upande wa Kongo, ili watengeneze The African Queen. Wengi waliugua tumbo. Huston na Bogart wakasalimika, na wenyewe walipenda kusema kilichowaokoa ni wiski. Ila lililo muhimu katika hadithi hii ni kwamba hata filamu ile iliyojisifu kwa kupigwa Afrika halisi ilikuwa na uongo wake. Sehemu ambazo waigizaji wanaingia majini zilipigwa Uingereza, ndani ya matangi ya studio, kwa kuwa maji ya huku yaliogopwa kwa magonjwa. Ruba wanaomganda Bogart mwilini ni wa mpira. Huston alitaka ruba wa kweli, Bogart akakataa katakata, na mtu anayemlaumu na ajaribu mwenyewe.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Kwa Jinja, ambako maduka ya barabara kuu karibu yote yalikuwa ya Wahindi, lilikuwa pigo lisilosahaulika hadi leo. Majumba ya sinema yaliingia mikononi mwa watu wasiokuwa na njia ya kuleta filamu mpya, na fedha za kigeni nazo zikakauka. Jumba moja baada ya jingine likafa. Mengine yaligeuzwa kuwa makanisa, kama Norman la Kampala, ambalo sasa ni Watoto Church.

Kipindi hichohicho Uganda iligeuka kuwa kitu cha kuigizwa na wengine kwingine. Baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka wa Entebbe mwezi Julai 1976, filamu tatu zilitengenezwa haraka haraka, mbili Marekani na moja Israeli, na hakuna hata moja iliyokanyaga Uganda. Mwaka 1981 Sharad Patel alitengeneza Rise and Fall of Idi Amin nchini Kenya, naye Mkenya Joseph Olita akamwigiza dikteta huyo kwa ustadi uliowafanya watu wamwite Amin hadi alipofariki mwaka 2014. Kwa hiyo mtazamaji wa Uganda alikuwa ameuona uwanja wake wa ndege ukilipuliwa na rais wake akitisha watu kwenye skrini muda mrefu kabla hajamwona Mganda mwenzake akishika kamera ya filamu za mapigano.

Kilichoziba pengo la majumba ya sinema ni deki ya video. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa kasi kubwa miaka ya 1990, vibanda vya video vilienea Uganda nzima. Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, na Jinja kandokando ya soko na stendi, vilikuwa vya namna ileile inayojulikana Tanzania kwa jina la kibanda umiza: mbao na mabati, pazia jeusi mlangoni, mabenchi yasiyo na pa kuegemea, televisheni moja ndani ya kisanduku cha mbao juu ukutani. Nje, ubao wenye maandishi ya chaki: saa nane Rambo, saa kumi Jackie Chan, usiku mpira wa Uingereza. Spika moja ilielekezwa barabarani, na ndiyo iliyokuwa tangazo. Mpita njia alisikia bunduki na vicheko vya watu, akapapasa mfuko.

Vicheko vile si vya filamu yenyewe. Vilitokana na mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

Uganda mtu huyo anaitwa VJ. Mwanzoni aliketi hukohuko kibandani, anapunguza sauti ya filamu, anaeleza kwa Kiganda kinachoendelea, anapandisha sauti tena bunduki zikianza. Baadaye maelezo yake yakarekodiwa juu ya kanda, halafu juu ya diski, yakasafirishwa nchi nzima. VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa majina makubwa kuliko waigizaji wengi wanaowasimulia. Tanzania alikuwapo Lufufu, na Kenya yupo DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimewafanya watu wa matatu na wa vijijini wacheke filamu za Kichina kama zimepigwa Murang'a. VJ hodari hatafsiri neno kwa neno. Humpa adui jina la mtaani, humkejeli stelingi anapokawia kufyatua, hueleza kwamba barabara inayoonekana ni ile ya kutoka Iganga, na hata mlipuko ukiwa hafifu yeye huukuza kwa mdomo.

Mtu aliyezoea kutazama namna hiyo hajali sana kama moto umetoka kwenye baruti au kwenye kompyuta. Anajua ni uongo, VJ ameshamwambia, na raha yake iko kwenye jinsi uongo wenyewe ulivyopikwa. Hapo ndipo mafundi wa Wakaliga wanapoachana njia na Rollie Tyler. Hila ya Rollie ikishtukiwa, yeye ni maiti. Hila ya Wakaliga ikishtukiwa, kibanda kizima kinapiga makofi.

Mwaka 2005 ulikuwa wa mambo mengi. Ashraf Ssemwogerere alitoa Feelings Struggle, filamu ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wa tasnia ya sasa ya Uganda. Mwaka huohuo Nabwana alianzisha Ramon Film Productions. Jina hilo ameliunga kutoka kwa bibi zake wawili, Rachel na Monica. Alikuwa amefyatua matofali kwa mikono ili apate mtaji. Alisoma kozi ya kompyuta kwa mwezi mmoja tu, ada ikamshinda, akajifundisha yaliyobaki mwenyewe na kuunda kompyuta zake kwa vipuri vya zilizokufa. Sinema hakuwa akienda utotoni. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, kisha anarudi nyumbani na kumsimulia kila ngumi na kila risasi. Nabwana alizijua filamu kwa masikio kabla ya macho, na mwenye kuzitazama kazi zake kwa makini ataona kwamba bado zinasimuliwa kuliko zinavyoonyeshwa.

Ila mwaka huohuo Ziwa Victoria lilikuwa linapungua. Mvua zilikuwa haba, na mitambo miwili ya Jinja, Nalubaale (ndiyo Owen Falls ya zamani) na Kiira iliyoongezwa kandoni mwake, ilikuwa imeachia maji mengi kuliko ziwa lilivyoweza kuvumilia. Karibu umeme wote wa gridi ulitoka hapo. Mwaka 2006 mgao ukawa mkali: siku ina umeme, siku haina. Wenye vibanda wa Jinja wenyewe, wanaosikia Nile ikipita, wakanunua majenereta. Mtu anayehariri filamu kwa kompyuta ya kuungaunga katika hali hiyo hupoteza kazi si mara moja wala mbili; umeme hukatika katikati ya mlipuko, na ukirudi hurudi na nguvu ya kuunguza kila kilichochomekwa ukutani. Hadi bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, megawati 250 kilomita chache chini ya Nalubaale, ufundi wa filamu Uganda ulikuwa kwanza ni ufundi wa kuhifadhi faili kabla giza halijaingia.

Mkono wa kulia wa Nabwana katika karakana ni Dauda Bisaso, fundi wa vyuma. Yeye ndiye aliyechomelea mitutu mikubwa ya rashasha kwa vyuma chakavu, akaunda winchi ya kuinulia kamera, akaunda hata kiunzi cha helikopta ambayo haitaruka kamwe ila inatosha mtu kuning'inia mlangoni akifyatua. Bunduki nyingine ni za mbao. Magwanda ni mitumba. Kitambaa cha kijani kinachotundikwa ukutani ili baadaye kibadilishwe kuwa anga la Kampala kilinunuliwa sokoni kama kitambaa kingine chochote. Moto unaotoka kwenye mtutu huwekwa na Nabwana baadaye kwenye kompyuta, mmojammoja, na kwa filamu zake hiyo ni hesabu ya mamia.

Damu ina historia yake. Mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mmoja wa kikundi akaugua brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata pia binadamu anayeshikashika damu au kunywa maziwa mabichi. Wakahamia rangi ya chakula. Chombo ni kondomu, zile za bure zinazogawiwa vituo vya afya. Hujazwa rangi, ikafungwa, ikabandikwa kifuani chini ya shati na kufungwa uzi wa kuvulia samaki. Kamera inapokuwa tayari, bunduki ya mbao inaelekezwa, mtu aliyejificha pembeni anavuta uzi kwa nguvu, kondomu inapasuka, shati linalowa, mwigizaji anaanguka. Hakuna baruti hata chembe. Usalama kazini ni mkubwa, kwa kweli, kuliko wa studio nyingi kubwa.

Wageni hucheka wakisikia habari ya kondomu. Wangejua yaliyofanyika Poland wasingecheka. Katika filamu ya Andrzej Wajda iitwayo Pokolenie, ya mwaka 1955, inayohesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuonyesha risasi ikimpata mtu na damu ikiruka hapohapo, msaidizi wake Kazimierz Kutz alitumia kondomu yenye damu bandia pamoja na kipande cha baruti. Warsaw ilikuwa imetoka kwenye vita na vitu havikupatikana madukani. Hollywood iliyokuwa na kila kitu ilichukua muda zaidi kuthubutu kuonyesha damu namna hiyo, na hata Alfred Hitchcock, alipotengeneza Psycho mwaka 1960, alitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa kwenye picha isiyo na rangi ilionekana vizuri kuliko damu yenyewe.

Filamu iliyowatangaza wa Wakaliga ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Kapteni Alex wa jeshi la Uganda anatumwa kuliangamiza genge la Tiger Mafia. Anauawa katikati ya filamu, kaka yake aliyehitimu kung fu anakuja kulipiza kisasi, helikopta ya kompyuta inabomoa majengo ya Kampala, na anayeuliza swali lililo kwenye jina la filamu anaondoka bila jibu, maana muuaji hatajwi kamwe. Gharama iliyotangazwa ilikuwa chini ya dola 200. Kipande cha tangazo lake kilichowekwa YouTube Januari 2010 kilitazamwa na mamilioni ya watu duniani, wengi wao wasioweza kuionyesha Uganda kwenye ramani.

Filamu yenyewe ilinusurika kwa bahati. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuweka kazi mbili. Filamu ikimalizika ilichomwa kwenye DVD, kisha faili zake zikafutwa ili ianze nyingine. Nakala ya Kapteni Alex inayotazamwa leo imetokana na DVD, na juu yake kuna sauti ya VJ Emmie kwa Kiingereza, akichekesha, akisifu, akiwapigia makomando debe. Wazungu wengi walidhani sauti hiyo ni kituko kilichobuniwa kwa ajili ya filamu hii moja. Mtu wa Mbale au wa Kisenyi ya Kampala asingeshangaa hata kidogo. Angeshangaa kama isingekuwapo.

Soko la nyumbani halikuwa YouTube. Waigizaji, wasio na mshahara, walichukua DVD mkononi wakaziuza mlango kwa mlango, mji kwa mji, na kubaki na nusu ya bei. Walikuwa na wiki moja hivi ya kuwahi, kabla maharamia hawajatoa nakala zao. Kwa hiyo filamu ya Uganda ya miaka ile iliuzwa na mtu aliyekufa ndani yake, akiwa amesimama mlangoni kwako mzima wa afya.

Desemba 2011 Mmarekani Alan Hofmanis, aliyekuwa akifanya kazi na matamasha ya filamu New York, alifunga safari kwenda kumtafuta Nabwana baada ya kuoneshwa lile tangazo. Mwishowe akahamia Wakaliga. Machi 2015 walichangisha fedha mtandaoni kwa filamu ya Tebaatusasula: Ebola, waliomba dola 160, wakapata zaidi ya 13,000. Mwaka uliofuata Bad Black, ambamo Hofmanis ni daktari mpole anayefundishwa ukomando na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes, ilichaguliwa na watazamaji wa tamasha la Fantastic Fest kule Texas. Crazy World, iliyopigwa miaka kadhaa nyuma, ikaoneshwa Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 kikundi kilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, pamoja na wasanii ambao huenda hawajawahi kushika kisu cha kuchongea bunduki.

Wapo Waganda wasiofurahia sifa hizi. Watengenezaji wengine wa filamu, waliosomea kazi yao na wanaopiga hadithi za familia, mapenzi na siasa, hulalamika kuwa dunia imechagua kuitazama Uganda kupitia damu ya rangi na helikopta ya katuni. Hoja yao ina uzito. Mzungu anayecheka kwa sababu mlipuko ni mbovu hafanyi tendo lilelile la mtu wa kibandani anayecheka kwa sababu mlipuko umefanikiwa kwa vyuma chakavu. Nabwana mwenyewe hajawahi kuonyesha kujali sana tofauti hiyo. Anatengeneza filamu za mapigano kwa sababu anazipenda, na anaweka kichekesho ndani yake makusudi, tangu mwanzo.

Sasa wageni humfuata hukohuko. Wapo wanaofika Wakaliga kwa bodaboda, kutoka Ulaya, Amerika na Japani, wakiwa na ombi moja: wauawe mbele ya kamera. Mgeni hupewa bunduki ya mbao, huelekezwa aangukie upande gani ili asimuumize kuku, na hubandikwa kondomu yake kifuani. Watoto wa jirani, waliozoea, hukaa ukutani wakihesabu. Akianguka vibaya, kama hakuyumba vya kutosha au alifumba macho kabla ya risasi, humwambia arudie.